Je, Wajua? Miraa, Maziwa ya Ngamia, Ubani na Kemikali za Ubongo

Je, wajua kwamba miraa huanza kupoteza makali mara tu inapokatwa mtini? Ndani ya jani mna kemikali iitwayo kathinoni, na hiyo ndiyo anayoitafuta mlaji. Jani likinyauka, kathinoni huvunjika na kugeuka kathini, ambayo nguvu zake ni ndogo sana. Kwa hiyo miraa ya Maua, huko Meru, hufungwa kwa majani ya mgomba ili ibaki na unyevu, pikapu zinazoileta Garissa huendeshwa kwa kasi ya kutia hofu, na muuzaji wa Soko Mugdi hawezi kuuza kitita cha juzi kwa bei ya cha leo. Biashara nzima, tangu saa ya kuchuma hadi saa ya kutafuna, imepangwa na kemikali moja isiyokawia.

Je, wajua kwamba sayansi ya Ulaya ilichelewa miaka 200 kuifahamu? Peter Forsskål, mwanabotania kutoka Sweden, aliueleza mmea huu akiwa Yemen, akafia huko huko mwaka 1763. Kitabu chake kilichapwa 1775. Mwaka 1930 wataalamu wa maabara walitambua kathini, lakini kathini peke yake haikutosha kueleza kwa nini mtu hukesha hadi alfajiri bila kusinzia. Kathinoni ilitambuliwa mwaka 1975, katika maabara ya Umoja wa Mataifa, watafiti walipofanya kazi na majani mabichi badala ya yaliyokauka. Mkulima yeyote wa miraa wa Igembe angeweza kuwaambia kwamba iliyokauka haina kitu.

Je, wajua kathinoni hufanya nini hasa kichwani? Neva moja na nyingine hazigusani. Kati yake kuna mwanya mdogo mno, na ujumbe huuvuka mwanya huo kwa njia ya kemikali. Dopamini ni mojawapo: inahusika na hamu na msukumo wa kutenda. Noradrenalini ni nyingine: inauamsha mwili na kuyafumbua macho. Ubongo huzitoa hizi kwa kipimo. Kathinoni huzisukuma nje ya ghala zake kwa wingi, kwa namna inayokaribiana sana na ile ya amfetamini, na kiwango chake katika damu hufika kilele baada ya saa 2 hivi tangu mtu aanze kutafuna.

Kaa barazani alasiri mjini Garissa uone hayo kwa macho. Saa tisa watu wametulia. Kila mmoja anachambua vijiti vyake, anavua gamba laini kwa meno, anatia kipande cha chingamu ya Big G kupunguza uchungu, na chupa ya chai iko katikati ya mkeka. Saa kumi na moja maneno yamepamba moto: siasa za koo, bei ya mafahali, kisima cha kuchimbwa nyumbani. Kila wazo linaonekana linawezekana, na kila mtu anataka kusema. Hiyo ndiyo handasi, na wenyeji wa huku huiita mirqaan. Ikifika saa tatu usiku sauti zimeshuka. Mmoja anautazama mkeka, mwingine akiulizwa swali anajibu kwa ukali ambao haukuwepo jioni. Ghala limepungua. Usingizi hauji kwa sababu noradrenalini bado inausukuma mwili, njaa haisikiki, na asubuhi mtu anaamka na uzito wa moyo. Wengi hudhani uzito huo ni wa shida za dunia: karo, madeni, ukame. Sehemu yake kubwa ni kemia ya jana. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia vijana wakiulilia moyo wao uliovunjika saa nne asubuhi, wakautibu kwa kitita kingine saa nane, na mwaka ukapita hivyo.

Je, wajua kwamba dopamini hupanda zaidi wakati wa kutarajia kuliko wakati wa kupata? Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, aliyekuwa akifanya utafiti Uswisi, alisikiliza seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa matone ya sharubati. Mwanzoni seli zilichangamka tone lilipofika mdomoni. Nyani alipojifunza kwamba taa fulani huja kabla ya sharubati, seli zikahamia kwenye taa, na sharubati yenyewe ikafika bila kelele yoyote. Na taa ilipowaka halafu sharubati isije, seli zikanyamaza chini ya kiwango chao cha kawaida. Sasa tazama kijana anayesikia honi ya gari la miraa likiingia mjini. Amechangamka kabla hajagusa jani. Na siku gari lisipofika, anachokosa ni zaidi ya jani, kwa kuwa ubongo unamtoza kwa ahadi iliyovunjwa.

Je, wajua kwamba jani hili hili ni zao la biashara hapa na hatia kwingine? Uholanzi iliipiga miraa marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014. Kenya iliiandika katika sheria kuwa zao la biashara mwaka 2016. Somalia ilizuia ndege za miraa kutoka Kenya Machi 2020, ikazifungulia tena Julai 2022. Mei 2024 kaunti za Pwani, Mombasa na Kilifi zikiwa mbele, zilitangaza marufuku dhidi ya muguka, aina ya miraa kutoka Embu, na mvutano ukaishia mahakamani.

Je, wajua kwamba umri wa kuanza una uzito kuliko watu wanavyodhani? Mwaka 2005 Michael Odenwald na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Hargeisa. Wagonjwa wenye saikosisi, yaani wanaosikia sauti zisizokuwepo au kuamini kwamba wanafuatwa, walikuwa wameanza kutafuna wakiwa wadogo zaidi na kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko wenzao wazima waliolinganishwa nao. Wengi wanaokula kidogo kidogo hawafiki huko. Lakini mtoto wa shule anayeuziwa vijiti nyuma ya duka anatia dopamini ya ziada katika ubongo ambao bado unajengwa, na ujenzi huo huendelea hadi katikati ya miaka ya ishirini.

Hapa lipo jambo ambalo kila familia yenye mgonjwa inapaswa kulijua. Dawa za saikosisi, kama klopromazini iliyoanza kutumiwa Paris mwaka 1952 na haloperidoli iliyokuja baadaye, hufanya kazi kwa kuziba milango ya dopamini. Miraa inaimwaga dopamini, dawa inaizuia isiingie. Mgonjwa anayemeza kidonge asubuhi na kutafuna jioni anaipinga dawa yake mwenyewe, na watu wa nyumbani husema hospitali imeshindwa.

Je, wajua kwamba maumivu ya kichwa ya siku za kwanza za Ramadhani mara nyingi hayatokani na njaa? Yanatokana na chai. Mchana kutwa, seli za ubongo zinapofanya kazi, hujikusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo mtu anavyosinzia. Kafeini hukaa katika vituo vya adenosini na kuizuia isitue hapo. Mtu wa vikombe vitano kwa siku huzoea hali hiyo, na ubongo wake huongeza vituo. Kafeini ikikatwa ghafla, adenosini huvijaa vyote kwa pamoja, mishipa ya damu kichwani hupanuka, na kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho kichwa huanza kugonga. Anayepunguza chai pole pole katika Shaabani huingia mwezi mtukufu akiwa mwepesi. Na wala kafeini si ya chai peke yake: buni zinazokaangwa kwa samli na kutafunwa, kama wafanyavyo Waborana na Wasomali wa huku, zinayo pia.

Je, wajua kwamba njaa hujifunza saa? Tumbo hutoa homoni ya grelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, na homoni hiyo hupanda karibu na wakati ambao mwili umezoea kula. Saa ikipita bila chakula, hushuka yenyewe. Mfungaji anajua hilo kwa uzoefu: saa saba mchana tumbo linadai, saa tisa limesahau.

Kiu ni ngumu zaidi kuliko njaa, na katika mji ambao joto la Februari na Machi hupita nyuzi 35 hatuna budi kuielewa. Chumvi ya damu ikizidi kwa asilimia 1 au 2 tu, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huamsha kiu na kumwaga vasopresini, homoni inayoziamuru figo zibane maji. Ukinywa, kiu huisha dakika hiyo hiyo. Lakini maji hayajafika kwenye damu. Bado yako tumboni, na yatachukua dakika kumi au zaidi. Ubongo umepima mameza ya koo ukakisia kiasi kitakachofika. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji anaweza kunywa lita 100 kwa muda wa dakika kumi hivi na asidhurike. Binadamu akijaribu sehemu ndogo ya hapo, ubongo wake huvimba na anaweza kufa.

Tukiwa bado kwa ngamia: je, wajua kwamba huwezi kumkama kwa nguvu? Maziwa mengi ya ngamia hayakai kwenye nafasi ya chini ya kiwele yakisubiri mkono. Yamo juu, ndani ya tishu, na hayashuki mpaka ubongo wa ngamia utoe homoni iitwayo oksitosini. Mfugaji wa Garissa hajaliona neno hilo popote, lakini kazi yake yote imejengwa juu yake. Humleta ndama kwanza. Ndama hunyonya kidogo, mama humnusa, na chuchu zinajaa. Hapo wakamaji wawili husimama, mmoja kila upande, mguu mmoja umekunjwa na chombo kimepakatwa juu ya paja, nao hukama haraka kwa mikono miwili, kwa sababu oksitosini katika damu haidumu. Maziwa yanashuka kwa dakika moja au mbili kisha yanakatika. Chuchu nyingine huachiwa ndama. Ndama akifa, wafugaji huhifadhi ngozi yake na kumwekea mama aione na kuinusa, wakimwimbia, na maziwa hushuka. Akishtuliwa na gari au mgeni, adrenalini hupanda, oksitosini hukwama, na hapati mtu hata tone.

Kwa mama wa binadamu ni hivyo hivyo. Mtoto akilia, hata wa jirani, maziwa hutiririka. Mama akiwa na hofu au uchungu wa moyo, maziwa huchelewa kushuka, na kumgombeza kwamba hana maziwa ni kuongeza hofu ile ile inayoyazuia. Mkwe anayemtaka mjukuu ashibe na ampe mzazi utulivu na uji wa moto.

Je, wajua kwamba oksitosini hiyo hiyo huokoa maisha kwenye vyumba vya kujifungulia? Ilitengenezwa maabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1953 na Vincent du Vigneaud, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Sindano yake hukaza mji wa mimba baada ya kuzaa na kuzuia damu isimwagike. Tatizo ni kwamba inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8. Katika zahanati ya mbali ambako umeme ni wa sola na jua halina huruma, dawa hiyo huharibika ikiwa ndani ya chupa na hakuna anayeona tofauti kwa macho. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya jaribio lililowahusisha karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya ikiwemo: dawa iitwayo karbetosini, iliyotengenezwa istahimili joto, ilizuia damu sawasawa na oksitosini. Kwa maoni yangu hakuna eneo la Kenya linalostahili kutangulizwa kuipata kuliko kaunti hizi tatu za Garissa, Wajir na Mandera.

Je, wajua kwamba ubani unaofukizwa nyumbani umewahi kupimwa maabarani? Mibani hukua porini huku, na utomvu wake, pamoja na manemane ambayo wenyeji huiita malmal, huokotwa na wafugaji na kuuzwa. Mwaka 2008 watafiti wa Jerusalem na Baltimore walichukua kemikali moja ya ubani, wakawapa panya. Panya walipungua woga na dalili zinazofanana na sonona. Panya si watu, na kipimo cha maabara si moshi wa chetezo, kwa hiyo asije mtu akaacha dawa zake. Ila lipo lililo wazi zaidi: harufu ndiyo hisi pekee inayofika kwenye vituo vya hisia na kumbukumbu za ubongo bila kupitia kituo kikuu cha kupokelea hisi nyingine. Ndiyo maana moshi wa ubani unaweza kumrudisha mtu nyumbani kwa nyanya yake kabla hajajua anakumbuka nini.

Je, wajua kwamba sumu ya mishale ya Wasomali imewahi kusaidia kushinda Tuzo ya Nobel? Huchemshwa kutokana na mti wa Acokanthera, na kutokana na jina lake la Kisomali, waabaayo, wanakemia waliita kiini chake ouabain. Kiini hicho huzima pampu ndogo iliyo kwenye ukuta wa seli, ambayo hutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Jens Skou wa Denmark aliielezea pampu hiyo mwaka 1957 na ouabain ikawa kifaa cha kuithibitisha; Nobel yake ilikuja 1997. Bila pampu hizo neva haiwezi kutuma ujumbe hata mmoja. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia asilimia 20 ya nishati yake, na sehemu kubwa ya nishati hiyo huliwa na pampu hizi.

Je, wajua kwa nini pumzi ndefu hutuliza? Mwaka 1921 Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, akachochea neva ya vagasi ya mmoja mpaka ukapunguza mapigo, kisha akamimina majimaji yake juu ya wa pili. Wa pili nao ukapunguza. Kilichohama ni kemikali, asetilikolini, na huo ukawa ushahidi wa kwanza kwamba neva huzungumza kwa kemikali. Mtu anapotoa pumzi taratibu, neva ya vagasi huongeza asetilikolini kwenye moyo. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walionyesha kwamba usomaji wa rozari na nyiradi za Kihindi huishusha pumzi hadi mara 6 hivi kwa dakika, na mwili ukanufaika. Aliyezoea kusoma aya ndefu kwa pumzi moja kila alfajiri anaijua hali hiyo.

Sasa yale mazito. Alhamisi ya tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, washambuliaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Je, wajua kwa nini walionusurika bado wanasikia siku ile kwa undani wa kutisha? Wakati wa hatari adrenalini na noradrenalini huufurika mwili, na kiini cha ubongo kiitwacho amigdala huiambia kumbukumbu: shika hili, usilipoteze. Mwaka 1994 Larry Cahill na James McGaugh wa California waliwaonyesha watu picha za hadithi yenye ajali. Waliokuwa wamepewa propranololi, dawa inayoziba vituo vya noradrenalini, hawakukumbuka sehemu ya ajali vizuri kuliko sehemu nyingine za hadithi. Wengine waliikumbuka zaidi. Kwa aliyekuwa bwenini Garissa hapakuwa na dawa ya kuziba kitu. Mlango ukibamizwa leo, au tairi ikipasuka barabarani, moyo wake unakimbia kabla akili haijauliza ni nini. Kumwambia asahau ni kumwonea. Huo si upungufu wa imani wala woga wa tabia. Ni mwili uliofunzwa na risasi, na unaweza kufunzwa upya kwa tiba ya mazungumzo akiwa na mtaalamu mwenye subira.

Je, wajua pia kwamba hofu haiamui kila kitu? Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak. Wenye bunduki walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, na wanawake wakawavika Wakristo mitandio yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Filamu fupi ya Watu Wote, ya mwaka 2017, ilitokana na kisa hicho na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Miili ya abiria wale ilijaa adrenalini kama mwili wowote mbele ya bunduki, ikiwasukuma kukimbia au kujiokoa kila mtu kivyake. Wakabaki pamoja. Sehemu ya mbele ya ubongo ina uwezo wa kuizuia amigdala, sayansi inalisema hilo, lakini mimi sidhani kemia peke yake inatosha kuyaeleza yaliyotendeka ndani ya basi lile.

Je, wajua kwamba nyani wa Kenya ndio waliotufundisha mengi kuhusu shinikizo la maisha? Robert Sapolsky alianza kuwapima nyani wa Maasai Mara mwaka 1978. Wanyonge wa kundi, wanaopigwa na kunyang'anywa kila siku, walikuwa na homoni iitwayo kortisoli kwa wingi katika damu, na kortisoli ikidumu hudhoofisha kinga, huharibu usingizi na kuitesa sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Katikati ya miaka ya 1980 kifua kikuu kiliwaua madume wakali wa kundi moja. Waliobaki walikuwa wapole. Ajabu ni kwamba madume wageni waliojiunga miaka iliyofuata waliiga upole huo, na wanyonge wa kundi hilo hawakuonyesha tena dalili za mateso ya kortisoli. Kemia ilifuata desturi.

Shinikizo la maisha liko pia kambini: Dadaab ilifunguliwa 1991 kwa ajili ya wakimbizi 90,000, na mwaka 2011 ilipita 400,000. Huko, katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, watu wana neno lao, buufis, kwa ile hamu ya kupelekwa ng'ambo inayomkaa mtu mpaka anashindwa kula, kulala wala kufanya kazi, na wengine huugua kabisa fomu zao zinapokataliwa. Rejea kwa nyani wa Schultz: taa inawaka, sharubati haiji. Kwa mkimbizi taa hiyo huwaka miaka 20.

Je, wajua kwamba karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa matumboni? Iliyo kichwani ni kidogo, na husaidia hali ya moyo, usingizi na hamu ya kula. Tulizoea kuambiwa kwamba sonona ni upungufu wa serotonini. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa London na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi na hawakuona ushahidi thabiti wa dai hilo. Dawa bado huwasaidia wengi, na anayezitumia asiziache ghafla bila daktari. Lakini sonona ina mizizi mingi: ukame ulioua mifugo yote, mume aliyepotea, utapiamlo, kukosa usingizi, urithi. Kemikali ni mmoja wa mizizi hiyo.

Na kifafa, je? Ubongo una glutameti inayochochea seli na gaba inayozituliza. Kundi la seli likichochewa lote kwa pamoja bila kutulizwa, mtu huanguka na kutetemeka. Hakuna jini. Fenobabitoni, inayotumiwa tangu 1912 na ambayo ni miongoni mwa dawa rahisi zaidi duniani, huiongezea gaba nguvu, na wengi wanaoimeza kila siku bila kukosa hawaanguki tena. Na mtu akianguka, usimtie kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, ondoa mawe na moto karibu naye, na umngoje. Ikipita dakika 5, mkimbize hospitali.

Je, wajua kwamba hadi juzi Mkenya aliyejaribu kujiua na akaokolewa alikuwa mhalifu? Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema hivyo tangu enzi za mkoloni. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Kwa hiyo sababu moja ya kumficha mgonjwa nyumbani imepungua.

Kama nyumbani kwenu yuko mtu aliyefungwa mnyororo kwa sababu anazungumza peke yake, au binti asiyelala tangu azae, au kijana aliyebadilika tangu aanze kutafuna, mpelekeni hospitali ya kaunti wiki hii, na shekhe aje naye kama mnapenda, kwani dua na dawa hazijawahi kugombana. Asiyeweza kusafiri apige 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Simu hiyo haitozwi.